Picha Zilizomjua Silantoi

Nilipokuwa mtoto pale Kitengela, nilijua, kama nilivyojua jina langu, kwamba mtu akianguka akitoa povu humgusi, na kwamba picha mbaya ni mlango: ukiitazama sana, kilichochorwa kinakuingia. Hakuna aliyenikalisha chini kunifundisha. Niliona tu watu wakirudi nyuma.

Dada yangu Silantoi alianza kuanguka akiwa na miaka kumi na tatu. Mwezi huohuo alikuwa ameokota sokoni, kwenye rundo la vitabu vya mtumba, katuni nene ya kutisha: nyumba zimepinda kama zinayeyuka, nyuso ndefu zenye midomo myeusi, anga lote mikwaruzo ya wino. Mimi ilinitia hofu. Yeye hakuiachia. Akaninong'oneza: "Hivi ndivyo naona kabla nianguke. Huyu aliyechora anajua."

Jumapili moja akina mama wa ushirika walikuja kumwombea. Mchungaji akauliza kama kuna kitu kigeni nyumbani. Yeyo, mama yetu, akasema hakuna. Nikasimama. Nilikuwa na miaka tisa, na watu wazima hawakuwa wamewahi kunyamaza ili nizungumze. Nikaitoa ile katuni chini ya godoro la Silantoi, nikafungua ukurasa baada ya ukurasa, nikarudia maneno ya Silantoi yote, kama ushahidi. Mama mmoja akasema huyu mtoto ako na kipaji.

Tuliichoma nyuma ya nyumba, jua kali. Silantoi hakulia. Aliniangalia tu.

Basi akawa amepona. Ilibidi, maana tulishatoa ushuhuda kanisani. Alipoanguka tena alijificha, nasi tukajifanya hatujaona, miaka miwili, hadi siku alipoangukia jiko la makaa akiwa peke yake. Daktari aliyemfunga mkono ndiye alitutajia kifafa. Vidonge, asubuhi na jioni. Vilikuwepo muda huo wote.

Siku hizi nasimama kwenye midahalo chuoni, nawachana wanaoita ugonjwa pepo, napigiwa makofi. Nina hasira na mchungaji, na wale akina mama, na Yeyo. Lakini siku ile hakuna aliyekuwa amemwona pepo mpaka mimi nilipowaeleza alivyo.

Mwaka jana nilimwomba Silantoi msamaha. Alikuwa dukani kwake anakunja leso, mkono mzima ukiusaidia ule uliokunjamana. Akasema niache, nilikuwa mtoto. Kisha, bila kuinua macho:

"Kile kitabu kilikuwa kinanielewa. Wewe nilikuambia ndio mkuwe wawili wa kunielewa."