Jina Lililohamia Bandarini

Télesphore alijiona fundi, na kwa kweli mikono yake ilikuwa miepesi. Ubao wa simu wa kampuni pale Albertville, mji unaoitwa leo Kalemie, ulikuwa na matundu arobaini. Ukitaja jina, anatazama orodha, ambayo kila sehemu ya kazi ina mstari wake, anachomeka waya kwenye tundu la huyo mtu, mnaongea. Jina lisipoonekana, alijibu maneno mawili tu, "Jina haiko," akachomoa waya. Hakusema limekosekana kwenye mstari gani, wala hakuuliza unayemtafuta ni nani hasa. Mwenyewe aliita hiyo kazi safi. Tuseme ukweli, ulikuwa uvivu uliovaa tai.

Mwaka 1963 biro, yaani ofisi, zikapangwa upya. Majina ya Wazungu walioondoka tangu mwaka wa sitini yakafutwa, na watu wakahamishwa huku na huku. Karani mmoja, Germain, alitolewa karakana akapelekwa bohari ya bandarini. Télesphore akafuta jina lake kwenye mstari wa karakana kwa kalamu nyekundu. Kuliandika kwenye mstari wa bandari aliona kunaweza kungoja, na akasahau.

Majuma mawili baadaye mama yake Germain alifariki huko Bendera, penye kituo cha umeme cha kampuni, akazikwa bila mwanawe wa pekee wa kiume. Habari ilishuka kwa lori pamoja na dada yake Germain, Clémence, na matanga yakawekwa mjini kwa Germain. Wafanyakazi wote walikwenda. Télesphore naye, ndani ya shati lililopigwa pasi, alimshika Clémence mkono, akamwambia pole sana, akaketi karibu na mlango.

Kabla ya watu kutawanyika, aliyeuguza husimama akaeleza ugonjwa wote tangu mwanzo, pasiwe na mtu wa kunyooshewa kidole. Clémence akasimama.

"Mama alianguka siku ya Mungu, tukitoka kanisa. Kesho yake nilienda biro ya kituo cha umeme, wakanipigia simu. Nikasema, ninamutafuta Germain wa karakana. Ule muntu wa simu akasema jina haiko, akakata. Nilirudia. Mara tatu."

"Uongo!" Germain alifoka. "Simu iko mbele ya meza yangu siku muzima. Ulitaka mama akufe bila miye, ubakie na mashamba yake."

"Yaya, kaka yangu, mara tatu."

"Toka kwangu!"

Télesphore alijua ni yeye aliyekata. Neno moja lake lingemwokoa Clémence. Akatazama viatu vyake mpaka Clémence alipojifunga kitenge chake, akapita mbele ya magoti ya Télesphore, akatoka. Télesphore hakusimama.

Kesho yake aliandika orodha mpya: kila jina, lilikotoka, lilikohamia, na tangu lini. Sasa ukiulizia mtu asiyekuwapo kwenye mstari wake, unajibiwa, "Papa Lambert hayuko tena karakana, alihamia stoo ya mafuta juma iliyopita. Ngoja nikuunganishie." Kama hata huko hayupo, Télesphore anauliza kazi yake na mtaa wake, anatuma mtu kumwita. Mkubwa wa biro akamsifu mbele ya wenzake, wakampigia makofi. Alitamani sakafu ipasuke.

Siku ya nane uvumilivu ukamwisha. Alimfuata Germain bohari, akamwambia yote, kalamu nyekundu na kimya cha matanga. Germain alikaa kwenye gunia.

"Nilimufukuza dada yangu mbele ya batu," alisema. "Usinielezee miye. Mupigie yeye kwanza."

Télesphore akarudi kwenye ubao, akawaomba watu wa Bendera wamwite Clémence. Ilichukua karibu saa nzima, na muda wote huo hakuuachia waya. Mara akasikia pumzi yake upande wa pili.

"Mama Clémence, miye njo ule muntu wa simu. Jina ya Germain niliifuta miye mwenyewe, na ulipomutafuta nikakukatia. Unisamehe."

"Ninajua," Clémence alisema. "Sauti yako niliijua palepale kwa matanga, wakati ulinipa pole. Nilikuwa ninangoja usimame."