Ukindu Uliopigwa Salfa

Mama alipolazwa hospitali ya Ndanda aliniagiza kitu kimoja: "Nisizikwe na mkeka wa plastiki. Nisukie wa ukindu, rangi uchemshe mwenyewe." Kusuka ndiyo kazi yangu. Nimeshona mikeka ya kutundikwa kwenye kuta za watu ambao hawakai chini hata siku moja. Lakini huu ulinitia hofu. Naogopa nikichelewa, naogopa zaidi nikiwahi.

Nilishuka bonde la Ruvuma kuchuma ukindu, nikachimba mizizi ya mdaa, nikachemsha mpaka ukindu ukawa mweusi. Jioni nikautandaza uwanjani ulale na umande, ulainike. Kumbe umande huohuo mjomba naye alikuwa akiungojea. Mjomba ni mdogo wake mama, na mikorosho yake imepakana na uwanja wangu. Salfa, dawa ya unga ya kuua ugonjwa wa ubwiriunga, hushika vizuri majani yakiwa na umande.

Alfajiri nikasikia mashine ya kupulizia inanguruma. Nikatoka mbio.

"Shikamoo mjomba! Zima hiyo mashine!"

"Marahaba. Ubwiriunga umeshaingia kwenye maua. Nikizima nitakula nini?"

"Ukindu wa mama huu!"

Upepo ukageuka. Vumbi la njano likashuka lote juu ya ukindu mbichi, likaganda. Jamani, nilipiga kelele! Kidogo tu nimtukane mjomba wangu mzima. Akazima mashine, akavua kitambaa usoni.

"Dada yangu yu hai," akasema. "Wewe unamshonea mkeka wa kuzikiwa. Una haraka gani?"

Nikamgeuzia mgongo, nikaukusanya ukindu kwa hasira. Nikiuosha, rangi itatoka. Nikishuka tena bondeni, je, hospitali wakipiga simu nisipatikane? Nikausuka hivyohivyo na mabaka yake, nikishtuka kila simu ikiita. Mjomba alipita kila asubuhi bila kuniangalia.

Nilikuwa namalizia pindo simu ilipoita kutoka Ndanda. Alikuwa mama mwenyewe: ameruhusiwa, nikamchukue.

Alipofika nyumbani akaomba auone. Akaukagua upande hadi upande, amekunja uso, mjomba kajibanza mlangoni.

"Mh! Mabaka gani haya? Mimi sizikwi na kitu hiki, mwanangu. Suka mwingine, taratibu. Nitasubiri."

Nikaitikia, "Haya, mama," nikakimbilia jikoni nikalie.