Mkojo wa Baba na Kithitu

Nilipokuwa mtoto kule Ikutha niliuliza: kama Baba hakuapa uongo, mbona hakuna mtu anakula naye?

Baba alikuwa amevimba uso na miguu, na akienda haja ndogo yanatoka matone tu. Kijiji kilishaamua ni kithitu, kiapo cha Wakamba ambacho ukikiapia uongo kinakumaliza wewe na watu wako. Baba aliwahi kukiapia mpaka wa shamba. Basi hata majirani wa kanisa, wale wa haleluya kubwa, wakawa wanamsalimia kwa mbali.

Muuguzi wa zahanati alisema ni figo zimelemewa. Alitupa mtungi wenye alama: mkojo wote wa siku uingie humo, ili ajue kama maji anayokunywa Baba yanabaki mwilini. Angekuja asubuhi kuusoma. Kazi ya kuulinda nikapewa mimi, mtoto wa miaka tisa.

Kulipokucha nikamkuta Susu, nyanya yangu, akiumwaga nyuma ya choo. Akasema kitu cha mtu wa kithitu hakikai kwa nyumba yenye watoto. Niliogopa kithitu, nikaogopa na kuchapwa. Nikajaza maji hadi alama ya juu, nikatia chai ya rangi kidogo, yafanane na mkojo.

Muuguzi akauinua juani. Akaangalia miguu ya Baba, akaangalia mtungi tena.

"Huyu anakojoa kunishinda," akasema, akanigeukia. "Sasa mbona anavimba? Mami, nani amejaza hii?"

Nilinyamaza. Baba alikuwa anapumua kama mtu aliyetoka mbio. Nikaona nikizidi kunyamaza ataachwa hapo hapo nyumbani.

"Ni mimi. Ni maji na chai."

Hakunigombeza. Alitafuta gari, na kabla ya saa sita Baba alikuwa amelazwa hospitali ya Kitui. Alikaa huko wiki nyingi. Alirudi akitembea.

Chuoni nikisimama kwa mdahalo napigiwa makofi nikisema imani za kale zinaua. Lakini Susu alikuwa anatukinga, kwa akili aliyokuwa nayo. Wanaonichemsha damu hadi leo ni wale majirani waliosoma, waliojua figo ni nini, wakanyamaza. Na mimi pia, kwa dakika ile moja, nilikuwa mmoja wao.

Kwa hivyo nakuomba: ukiona mtu wenu anaamka uso umevimba na mkojo umepungua, mpeleke apimwe leo. Na muuguzi akiuliza kilichotokea nyumbani, mwambie.