Mvua ya Nyuma ya Kochi

Shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa, aliitwa Masikio, na jina hilo alilivaa kama medali. Alilipata kiwandani, kwenye mashine za kupasua mbao, ambako aliweza kusimama karibu na msumeno na kusema huu umeanza kupoteza makali, ubadilishwe, kabla haujaharibu ubao hata mmoja. Msimamizi alimwamini kuliko vipimo. Alipostaafu, masikio yale akayahamishia kwenye risiva, kile kisanduku cheusi kinachopokea sauti ya televisheni na kuigawa kwenye spika za sebule nzima.

Sijui kama umewahi kuwa na shemeji mwenye risiva. Unakwenda kumjulia hali dada yako, unadakwa mlangoni, unakalishwa katikati ya kochi, unawekewa kipande cha filamu chenye mvua, halafu unaulizwa kama unaisikia ikinyesha mgongoni. Spika mbili alizificha nyuma ya kochi kwa kazi hiyo tu. Mara ya kwanza niliisikia kweli, nikageuka kutafuta dirisha. Miaka iliyofuata sikuisikia tena, lakini niliitikia vilevile, nikidhani masikio yangu ndiyo yameanza kuzeeka. Nani angebishana na Masikio juu ya sauti?

Mwaka huu akaanza kulalamika. Waigizaji wa siku hizi wanameza maneno, alisema, bila maandishi ya chini huwezi kujua nani kamkosea nani. Mara mtangazaji wa habari naye akawa anamung'unya. Akahitimisha kwamba risiva imechoka, na kwa kuwa dukani kulikuwa na mpya inayosifiwa kwa kusafisha maneno, nikaitwa nitoe maoni, inafaa kununua au haifai.

Dada alikataa katakata, na si kwa sababu ya bei. Alinivuta pembeni akanieleza kwamba mumewe ana masikio ya kila kitu isipokuwa yeye. Mlango wa jikoni unafunguka nyuma ya kochi, hatua chache tu. Anaweza kumwambia kutoka pale kwamba chakula kiko tayari, kwamba mgongo unamuuma, kwamba nyumba inaungua, na yule bwana hata shingo hageuzi.

"Siku hizi naongea na sufuria," akasema.

Nilimchukia shemeji siku ile. Dada yangu si mtu wa kuachwa aongee na sufuria. Nilipomgusia jambo hilo, tumeketi uso kwa uso, alinijibu kwa uchungu ambao sikuutegemea, kwamba anayenuna ni dada yangu. Zamani alikuwa akiimba huko jikoni, akimtania, akimtupia maneno. Sasa akishaingia humo ni kimya, kama hakuna mtu. Ndiyo maana yeye anabaki na filamu zake. Nikamwona mwongo tu, ila nikanyamaza kwa heshima ya ushemeji.

Muuzaji alikubali kuileta risiva mpya nyumbani mchana mmoja, ijaribiwe hapohapo, isipopendeza aondoke nayo. Shemeji alivaa shati la kutokea. Alikuwa na wasiwasi, anasugua viganja, na akasema kwamba mpya ikisafisha maneno, basi muda wote huo tatizo lilikuwa mashine tu. Isipoyasafisha, hakusema tatizo litakuwa nini.

Muuzaji akavuta kochi ili aunganishe spika za nyuma. Zilikuwepo, na buibui alikuwa amejenga juu ya mojawapo. Waya za spika zote mbili zilikuwa zimekatwa, ncha zimefungwa vizuri kwa utepe mweusi. Akaziinua tuzione, maskini, bila kujua ameshika nini.

Dada alizunguka kochi akasimama mbele ya mumewe.

"Nilizikata mimi. Mjukuu alipozaliwa alikuwa halali kwa ile mvua yako. Nikasema, ukigundua tu, siku hiyohiyo naziunganisha."

"Lini hiyo?"

"Mjukuu ameshaanza shule, mzee."

Shemeji alitazama ile nafasi ya katikati ya kochi, alikotukalisha wageni wote hao tuisifie mvua isiyokuwepo. Nilitamani sakafu inimeze. Kisha nikakumbuka kile kiwanda chao. Mashine zikinguruma kule hakuna anayesikia neno la mwenzake, watu husemezana kwa kutazamana midomo, miaka nenda miaka rudi, mpaka mtu anasahau kwamba hasikii, anaona. Uso kwa uso Masikio hakukosa hata mzaha. Hata ule msumeno, nadhani, siku za mwisho alikuwa akiujua kwa nyayo, kwa jinsi sakafu ilivyotetemeka.

Naye shemeji alikuwa ameshafika kwenye wazo hilohilo. Nilimwona akigeuka kuutazama mlango wa jikoni, kisha akamrudia mkewe.

"Kwa hiyo ulikuwa unaongea," akasema.

"Kila siku."

"Mimi nilidhani umeninyima maneno."

"Na mimi nilidhani unanidharau."

Ningependa kusema walikumbatiana. Hawakukumbatiana. Walikuwa wamenuniana kwa muda mrefu mno, kila mmoja na haki yake mkononi, na sasa haki zote mbili zilikuwa hazina kazi. Dada alirudi taratibu hadi kwenye mlango wa jikoni akasimama pale, mikono kwenye kanga, analia bila kujificha. Nami nililia kidogo, na sioni aibu kusema.

Muuzaji akauliza kama aendelee au afungashe. Shemeji akamwambia aunganishe zote, mpya pamoja na zile spika za nyuma, atuwekee mvua. Akaketi katikati ya kochi, amenyooka, nami nikaketi kwenye kiti kilichomkabili.

Mashine ilikuwa nzuri, nisiseme uongo. Mvua ilishuka nyuma yake matone kwa matone, ukasikia hadi mchirizi wa bati. Yeye alikuwa anaukagua uso wangu.

"Shemeji," akaniuliza polepole, "inanyesha?"

"Inanyesha, mzee wangu," dada akamjibu kutoka mlangoni, nyuma yake.

Naye akaendelea kunitazama mdomo, akingoja jibu.