Mbuzi Wangu Alivyogeuka Ng'ombe Mbele ya Madaktari

Wenzangu wa maabara wakiniita "Mama Mbuzi" naitika tu, maana aibu ile niliitafuta mwenyewe.

Tulikuwa tumeletewa mashine mpya hapa Kigali: unatazama picha ya nyama kwenye skrini, unachagua sehemu, mwale wa leza unaondoa chembe ndogo palepale, moshi wake unavutwa ndani na kupimwa molekuli, kisha mashine inakuambia hiyo ni nyama gani. Lengo ni kwamba siku moja daktari ajue saratani inaishia wapi mgonjwa akiwa bado kwenye meza ya upasuaji (mama yangu alipasuliwa mara mbili kwa madaktari kukosa kujua hilo, kwa hiyo kwangu halikuwa jambo la mchezo). Nikapewa kazi ya kuwaonyesha madaktari wa upasuaji, ambao ndio wangeamua tubaki nayo au irudi ilikotoka.

Nilitakiwa kupita soko la Kimironko ninunue nyama ya mbuzi, lakini mvua ilinyesha, nikajiuliza ya nini kulowa na ile aliyonunua mume wangu Jumapili bado iko kwenye friji. Nikakata kipande, nikaondoka.

Basi nikatangaza kwa madaha kwamba huyu ni mbuzi. Leza ikachoma, skrini ikaandika: ng'ombe. Nikacheka kidogo, nikahamia upande mwingine. Ng'ombe. Nikaizima, nikaiwasha. Ng'ombe tena! Jasho likanitoka, nikaanza kuwaambia wageni kwamba mashine imechoka na safari (mimi niliyeisifia asubuhi nzima).

Daktari Mukamana, mkuu wao, akaniuliza kwa upole nyama nilinunua wapi, kisha akaniomba nimpigie mume wangu, wote wasikie.

"Mama Keza, mbuzi ilikuwa imeisha, nikachukua ng'ombe," akasema. "Si ulikula ukasema mbuzi ya leo iko tamu?"

Chumba kizima kikaangua kicheko, nami nikatamani sakafu inimeze.

Lakini Daktari Mukamana hakucheka sana. Aliagiza nyama za kila aina, zikafungwa bila mimi kuona, na mashine ikazitaja zote, mbuzi, kuku, nguruwe, bila kukosea hata moja.

"Mwenyewe aliikana na haikubadilisha neno," akawaambia wenzake. "Hii inabaki."

Nikapiga vigelegele nikiwa vilevile na koti langu jeupe. Tangu hapo nimeapa: mashine ikinipinga, nitanyamaza kwanza.