Ujumbe Uliokuwa wa Wekesa

Siku ile naikumbuka vizuri kuliko siku ya harusi yangu, mwanangu, na ningependa iwe kinyume chake. Usinione mjomba wako nina mvi kidevuni ukadhani nilizaliwa na busara. Kwa kuwa umeshatuma rekodi zako chuoni na sasa unasubiri majibu ya mchujo, heri ulisikie jambo hili kwangu. Hata mama yako halijui.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitano, nauza vipuri vya magari hapa Jeddah, wewe ukiwa bado unatambaa. Niliamini nina sauti ambayo dunia nzima inaingoja. Chuo kimoja cha muziki huko ng'ambo kilitaka waombaji watume kwanza video ya nyimbo tatu. Walimu wangezitazama, wachuje, kisha wachache waitwe kuimba mbele yao. Nilihitaji mtu wa kunipigia kinanda, nikampata Wekesa.

Wekesa alikuwa Mkenya, amenizidi miaka mitatu, dereva wa familia moja ya Al-Suwaidi kule Riyadh ambayo kila kiangazi ilihamia Jeddah. Kinanda alijifunza kanisani kwao tangu utotoni. Alikuwa mtu mpole mwenye mikono mikubwa. Ungemwona anabadilisha tairi usingedhani vidole vile vinaweza kugusa kitu taratibu namna ile.

Tulirekodi chumbani kwangu, mtaa wa Bani Malik, Ijumaa mchana, madirisha tumeyafunga majirani wasisikie, kiyoyozi tumekizima mngurumo wake usiingie. Jasho lilitutiririka mpaka vidole vya Wekesa vikawa vinateleza. Katikati madam wake, mke wa bosi, akapiga simu. Akaenda kumpeleka sokoni, akarudi, tukaanza upya. Pumzi iliponiishia katika wimbo wa pili, Wekesa alipunguza mwendo akaningoja, nikapata pa kuvutia hewa. Mimi nikajiona nimeimba vizuri. Sikujiuliza nani aliyenibeba.

Majibu yalikuja baada ya wiki sita, niko dukani, mteja ananisubiri. Hawakuniita. Hilo peke yake ningelimeza. Lakini chini yake waliandika: "Tungependa kumsikia zaidi kijana anayekupigia kinanda. Akipenda kujiunga nasi, atume rekodi yake mwenyewe kabla ya Alhamisi ijayo."

Nilisoma mara tatu. Wivu, mwanangu, ulinipanda mpaka nikampa mteja kipuri kisicho chake.

Jioni Wekesa alinipigia kutoka Riyadh. "Hamadi, wamejibu?"

"Mafi, hakuna kitu, ndugu yangu," nikamwambia. "Wametukataa."

Wametukataa! Neno hilo linaniunguza mpaka leo. Akasema, "Pole sana. Nadhani ni mimi. Ule mwanzo wa wimbo wa tatu niliuharakisha."

Nami nikamwacha aamini hivyo. Nikangoja Alhamisi ipite. Ijumaa asubuhi nikaufuta ule ujumbe.

Ilipita miaka mitatu, na kuimba nilishaacha. Siku moja nikamweleza shangazi yangu, Bi Mwanakheri, aliyenilea. Nilitarajia aniambie niombe toba yaishe. Alikuwa anachambua mchele, wala hakuinua uso.

"Toba utaomba," alisema. "Lakini uliyemdhulumu ni Wekesa, na Wekesa yuko Riyadh. Basi linaondoka saa ngapi?"

Nilimkuta nje ya geti la bosi wake, anaosha gari. Nikamwambia yote nimesimama, macho chini. Hakunipiga, hakunitukana. Aliuliza tu, "Waliandika aje hasa?"

Nikamtajia neno kwa neno, maana nilikuwa nimeyahifadhi. Akanitaka niyarudie, nikarudia. Maji yalikuwa yanamwagika kwenye mpira naye hana habari.

"Miaka yote hii," akasema, "nimekuwa nikimwambia mke wangu kwamba vidole vyangu ndivyo vilivyokuharibia."

Bosi akaita kutoka ndani, "Yalla, lete gari!" Wekesa akafunga maji, akaingia garini, akaondoka bila kuniaga.

Mwaka uliofuata aliomba mwenyewe. Walimjibu kwa heshima kwamba umri wanaoupokea ulikuwa umeshampita. Leo yuko kwao Bungoma, anafundisha kinanda kanisani. Siku ya Idi hunitumia salamu, nami humtumia Krismasi. Maneno mawili, basi. Msamaha alinipa. Urafiki haukurudi, na sina haki ya kuudai.

Basi majibu yako yakija, mwanangu, yasome mpaka mwisho, na lililo la mwenzako mfikishie siku hiyohiyo, hata kama machozi yako hayajakauka. Wakikukataa, sema "wamenikataa". Usimvishe mwingine aibu yako. Wakikuita, taja kwa jina kila aliyekusaidia kufika. Na ukikosea kama nilivyokosea mimi, usikae miaka mitatu ukijitafutia maneno mazuri. Nenda ukaseme, hata kama hutasamehewa.

Mwenyezi Mungu akufungulie koo na pumzi, akukutanishe na walimu wenye masikio ya haki, na siku mwenzako atakapokupita, akupe kifua cha kumpongeza kwa dhati. Amin.