Tone la Jumatatu

Mimi ni mtunza stoo wa maabara ya kemia, na kama kuna mtu ninayemjua kazini kwetu ni Shangazi. Hana undugu na yeyote pale. Jina lilimganda tu, hata profesa anamwita hivyo. Ni fundi wa maabara, mwaka wa ishirini na saba huu. Digrii hana. Mkono anao, na wenye digrii zao wanauonea gere.

Miaka miwili hii kazi yake ilikuwa tando za kuchujia vimiminika. Usinidhanie msomi, haya nimeyaokota kwake. Kuna chumvi fulani zisizoganda. Hukaa majimaji mazito kama asali hata bila moto, wala hazipotei hewani. Shangazi huchukua kipande cha plastiki nyembamba chenye vitundu visivyoonekana kwa macho, hukiloweka humo mpaka kishibe, hukifuta, hukipima kwenye mizani, kisha hukibana katikati ya vyumba viwili vya kioo. Upande mmoja humimina mchanganyiko wa tolueni na heptani, vimiminika viwili vya jamii ya petroli ambavyo kuvitenganisha kwa kuchemsha hula moto mwingi. Chumvi humpokea mmoja na kumfungia mlango mwenzake. Tolueni hupita, heptani hubaki.

Mwenye utafiti ni Daktari, dada aliyekuja pale akiwa mwanafunzi asiyejua hata kushika chupa. Shangazi ndiye aliyemnoa. Tando za wengine zilikuwa hazidumu, maana chumvi huvuja kidogo kidogo na vitundu vikabaki wazi. Wa Daktari ulikaa siku tisini bila kupungua uzito. Makala ikachapishwa, sifa zikamiminika, na ajira yake ya kudumu ikabaki kupitishwa na kikao kimoja tu.

Ndipo ikaja barua kutoka maabara nyingine. Nilikuwa nimepeleka glavu nikamkuta Daktari anaisoma kwa sauti: wamejaribu mara nne, wamefuata kila hatua, na utando wao haujafika hata siku kumi na mbili. Daktari alicheka. "Shangazi, hawa hawana mkono wako."

Shangazi hakucheka. Alinifuata stoo, akakaa juu ya katoni.

"Kila Jumatatu tulipofungua chombo kukisafisha, niliukuta utando umepungua chumvi," akaniambia. "Nikajua ni mimi, ninaufuta kwa nguvu. Basi nikawa narudishia tone moja la chumvi, ndipo naupima."

"Daktari anajua?"

"Hajui. Niliona aibu. Nilidhani nafuta kosa langu."

Nilimwambia anyamaze. Sijivunii, lakini nilisema hivyo, tena kwa ukali. Tunajua wawili tu, nikamwambia, na kikao ni wiki ijayo. Mwache binti apate chake kwanza. Shangazi alinitazama kama mtu aliyekanyaga uchafu.

"Na wale wa barua? Wako huko wanajiona mikono yao ndiyo mibovu."

Akapanda ngazi kwenda kwa Daktari. Nami nikapanda nyuma yake na boksi la glavu ambalo hakuna aliyeliagiza.

Alisema yote akiwa amesimama. Daktari aliuliza mambo mawili tu.

"Ulianza lini?"

"Wiki ya pili."

"Kila Jumatatu?"

"Kila Jumatatu, mwanangu."

Daktari akakaa. Hakufoka, na mimi nilitamani afoke. Siku tisini zile zilikuwa za mkono wa Shangazi. Chumvi ilikuwa inavuja kama inavyovuja kwa kila mtu. Mwishowe akasema, "Asante kwa kuniambia, Shangazi." Mchana huohuo akaandika kuomba makala iondolewe. Kikao kiliahirishwa, na tarehe mpya hawakuitaja.

Shangazi aliniambia ameutua mzigo, na nikamwamini. Jumatatu iliyofuata aliwahi kama kawaida yake, akavaa koti jeupe, akanawa. Daktari alikuwa ameshafika. Utando mpya ulikuwa kwenye kibano, na kibano kilikuwa mkononi mwake. Shangazi akanyoosha mkono kukipokea, kama alivyofanya siku zote.

Daktari hakumpa. "Leo nitaweka mwenyewe. Wewe niandikie tu."

Akaukaza utando taratibu, vibaya kidogo, nami niliona Shangazi anauma midomo asimrekebishe. Kisha Daktari akatamka, macho yake yakiwa kwenye kioo: "Umewekwa saa mbili na robo asubuhi." Akaongeza. "Andika na hili, Shangazi. Hakuna mtu mwingine aliyeugusa."

Shangazi akaandika.